Mlio Ambao Fundi Sikio Hakuusikia

Watu walimwita Sikio, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimpelekea gari linalogonga, linalonguruma au linalolia kama paka aliyebanwa mkia na mlango, hakukimbilia spana. Alipanda kiti cha mbele kando ya dereva, akafumba macho, akasema, "Twende." Mkizunguka ile mitaa ya nyuma ya gereji na kurudi, alikuwa ameshautaja ugonjwa: beringi ya tairi la mbele, au ekzosi imelegea, au mwenye gari amesahau chupa ya soda chini ya kiti. Ndipo spana ziliposhikwa. Hiyo ilikuwa kanuni yake, kutaja kwanza na kufungua baadaye. Mafundi wenzake, ambao wangefungua gari zima wakitafuta nati moja, walimtania mbele ya watu na kumwonea gere kimoyomoyo. Wateja wa siku nyingi walikuwa wakija na jamaa zao ili tu wamwone akisikiliza.

Sasa mtu wa namna hiyo, masikio yakianza kumkimbia, atamwambia nani?

Yalianza na birika. Lilikuwa birika la filimbi, zawadi ya harusi, na asubuhi moja mkewe aliingia jikoni kwa fujo akamkuta amesimama mbele ya jiko na kikombe mkononi. "Wewe! Maji yanapiga kelele mtaa mzima unasikia, nawe umesimama hapo kama nguzo?" Fundi akatazama. Mvuke ulikuwa unatoka kwa nguvu, kifuniko kinatetemeka, na yeye hasikii kitu. "Nilikuwa nawaza," akasema, akazima jiko, akatoka nje haraka ili mkewe asimwone jasho lililomtoka usoni. Uani ndege walikuwa wanafungua na kufunga midomo yao juu ya ukuta. Alisimama akiwatazama.

Injini nzito alizisikia bado, na sauti za wanaume wakisimama karibu. Kilichoondoka ni kila kitu chembamba: filimbi, kengele ya baiskeli, sauti ya mkewe akiwa chumba cha pili. Badala ya kwenda kwa daktari, akajifunza nyuso za watu. Mtu akicheka naye anacheka. Mtu akikunja uso naye anakunja, anatikisa kichwa, anasema "aisee." Ni kazi ya kuchosha kuliko kubeba gia boksi mgongoni, lakini alijiona ameiweza. Hofu alilala nayo na kuamka nayo. Fundi Sikio asiyesikia ni kichekesho cha bure, na yeye hakuwa tayari kuchekwa.

Angechekwa, tena wiki moja tu, mambo yangeisha. Lakini mwanamume akishaamua kuficha jambo, huwezi kumwambia kitu.

Binti yake alikuwa amekuja nyumbani kujifungua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko upande wa pili wa milima, na aliyempa mimba aliyeyuka kama moshi. Siku fundi alipopewa habari hiyo alibwata maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mwanawe, na binti aliyasikiliza yote akiwa amesimama. Kisha mtoto akazaliwa, dume lenye masikio makubwa na paji la uso la babu yake, na fundi akalainika kabisa. Tatizo ni kwamba kulainika kwake kulibaki moyoni, hakukufika mdomoni. Alidhani watu wanaona.

Mchana mmoja wanawake walikwenda sokoni wakamwachia mtoto aliyelala chumbani. Fundi akakaa sebuleni, ameupa mgongo mlango wa chumba, anafunga waya wa pasi. Alikuwa na raha siku hiyo. Binti alirudi kwanza. Fundi alimwona tu akipita mbio, kapu limetupwa chini, vitunguu vinabingirika hadi chini ya kochi. Alipotoka chumbani alikuwa amembeba mtoto aliyeiva uso kwa kulia, nywele zimelowa, mdomo wazi na sauti imeshakauka.

"Baba! Amelia mpaka sauti imemwishia! Hukumsikia?"

Jibu la kweli lilikuwa jepesi, tena lilikuwa neno moja. Lakini kwa hofu akatoa jingine. "Mtoto kulia kidogo si ugonjwa," akasema. "Anapanua mapafu."

Binti alimtazama kwa muda mrefu.  Kesho yake akaanza kukunja nguo za mtoto, akasema likizo ya uzazi imekwisha, ingawa nyumba nzima ilijua haijakwisha. Fundi alikaa nje ya mlango wa binti akitafuta neno la kuanzia, akalikosa, akaenda zake kazini.

Wa kumsafirisha binti alikuwa mjomba wake, kaka wa mke wa fundi, kinyozi mwenye mdomo usiojua kupumzika. Yeye ndiye aliyerithi gari la marehemu baba mkwe. Lilikuwa gari refu la zamani, la rangi ya maziwa, lenye vioo vya kuzungusha kwa mkono na viti vinavyonukia ngozi na mafuta ya nywele. Mzee alilinunua jipya, akalitunza kama mke wa pili, na aliacha masharti yake ambayo familia iliyafuata hata baada ya mazishi. Ndani ya gari hakuli mtu. Dereva azime simu. Na ukifika kileleni mwa milima lazima ulipaki pale penye uwanja wa tambarare, ufungue boneti, gari lipumue, ndipo uanze kuteremka upande wa pili. Kinyozi aliyalalamikia masharti hayo kila siku na kuyafuata karibu kila siku.

Siku moja kabla ya safari alilileta gereji.

"Shemeji, mzee analia huku nyuma," akasema akipiga buti kwa kiganja.

"Analiaje?"

"Mlio mwembamba. Kama mtoto mchanga anayelia mbali, ndani ya nyumba iliyofungwa milango. Nikikata kona anazidi, nikinyoosha ananyamaza."

 Fundi alijipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapanda kiti cha mbele, akafumba macho.

"Twende."

Walizunguka mitaa ya nyuma. Alisikia injini ikinguruma vizuri, alisikia gia ikiingia, alisikia springi zikiguna kwenye mashimo. Baada ya hapo palikuwa na ukimya mtupu, ukimya wa kisima. Walipokata kona kinyozi akapiga kelele, "Huo hapo! Umeusikia?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Rudia," akasema.

Wakarudia. Safari hii alifungua jicho moja kidogo, amtazame shemeji yake usoni, na akaona uso ukijikunja kona ilipoanza na kukunjuka ilipoisha. Kwa hiyo mlio upo, tena si mdogo. Akashusha mkono akaweka kiganja kwenye sakafu ya gari, lakini zulia la marehemu lilikuwa nene, halikumwambia chochote.  Gari lililia, yeye akiwa juu yake, na hakuwa na tofauti na gunia la viazi.

Waliporudi gereji, fundi rangi wa jirani na wateja wawili watatu walikuwa wameshasogea karibu na jiliwa, ile koleo kubwa iliyofungwa mezani, wamekunja mikono, wanasubiri. "Haya, Sikio, taja!" akasema fundi rangi.

Angeweza kusema, "Sijui, tupige jeki tuone." Mafundi wote duniani husema hivyo kila siku na jua linakuchwa kama kawaida. Yeye alitazama zile nyuso, akaona zinavyomngoja, akaogopa.

"Breki za nyuma," akasema. "Vumbi limeganda kwenye dramu."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Lilikuwa jibu zuri. Magari mengi ya zamani hulia kwa sababu hiyo. Akapiga jeki, akatoa tairi la kushoto, akaivua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, akasafisha. Hapakuwa na tatizo. Akahamia kulia. Alipoivua dramu ya kulia mikono yake ilisimama yenyewe.

Breki ya ndani ilikuwa imelowa mafuta meusi. Mafuta hayo hayakai hapo. Hukaa ndani ya ekseli, lile bomba la chuma la katikati ya matairi ya nyuma, yakizuiwa na sili ya mpira, na yakitoka nje maana yake kuna kitu kinachoisukuma sili hiyo kutoka ndani. Kujua ni kitu gani ilibidi kuichomoa shafti, ile fimbo ya chuma inayolibeba na kulizungusha tairi. Na kuichomoa shafti mbele ya watu wale ilikuwa sawa na kusema: nilichokitaja sicho.

"Sili ya zamani inatoa jasho," akajisemea. Akapangusa mafuta kwa kitambaa, akakitupa kitambaa kwenye jiliwa, akafunga kila kitu. Mikono ilijua kwamba inafanya vibaya.

Walipozunguka tena, kinyozi alisikiliza, akasita. "Naona umepungua," akasema. Jina la Sikio lilikuwa kubwa kiasi kwamba watu waliacha kuyaamini masikio yao wenyewe.

Asubuhi ya safari binti alisema "Shikamoo, baba" akitazama viatu vyake. Bibi alimbusu mjukuu kila mahali panapobusika, akimwita mume wangu, mume wangu unaniacha na huyu mzee. Kinyozi akadakia kwamba huyo mume mpya angalau ana nywele. Binti akakaa kiti cha nyuma upande wa kulia, mtoto mapajani, juu kabisa ya lile tairi. Fundi aliliona hilo. Alinyanyua mkono kama anayetaka kusema kitu, wao wakadhani anaaga, wakampungia.

Akaenda gereji peke yake. Jua lilikuwa limeshaingia kupitia mabati yaliyotoboka, likaanguka juu ya jiliwa na mkono wake mrefu wa kukazia, na juu ya kitambaa cha jana. Alikiokota apanguse mikono. Kikametameta.

Alikisogeza karibu na macho. Ndani ya yale mafuta meusi mlikuwa na unga unaong'aa, mwembamba kuliko chumvi. Akasugua kati ya vidole; ukakwaruza. Kilikuwa chuma. Huko ndani beringi ilikuwa inajisaga yenyewe kuwa unga.

Hapo akaketi juu ya ndoo. Kwenye magari ya aina ile hakuna kinachoizuia shafti isichomoke isipokuwa beringi na pete moja ya chuma iliyobanwa nyuma yake. Beringi ikifa, pete inapata moto, inapasuka, na shafti inatoka nje polepole, kona baada ya kona, pamoja na tairi lake. Halitoki kwa kishindo. Linateleza tu, dereva anaona tairi lake mwenyewe likimpita. Dramu ikiondoka mafuta ya breki yanamwagika, na miguu yote minne ya gari inakosa breki kwa mpigo. Na upande wa pili wa milima, barabara ilikuwa ni mteremko, kona, mteremko, kona, ukuta wa mwamba huku na utupu kule.

Simu ya kinyozi ilikuwa imezimwa, kama alivyoagiza marehemu. Akampigia binti. Fundi aliibana simu sikioni kwa nguvu mpaka ikamwumiza, akatazama kioo kuhakikisha kweli inaita. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika tena. 

Pikapu ya mwenye duka la mbao ilikuwa imeshatengenezwa, funguo ukutani. Akaiwasha, akapita nyumbani, akapiga honi mpaka mkewe akatoka na vibanio vya nguo mdomoni.

"Panda!"

"Kuna nini? Kuna nini, baba watoto?"

"Panda, wapigie simu, wasimame!"

Alipanda akiwa na kandambili. Alipiga simu, akapiga tena, akamwonyesha kioo: haipatikani. Walikuwa wameshaingia milimani. Fundi akakanyaga mafuta, macho barabarani, akipita malori kwenye sehemu ambazo siku nyingine angewatukana wanaopita.  Aliona unga ule uking'aa kila mahali, kwenye lami, kwenye kioo, kwenye kucha zake. Matumaini yake yalikuwa yamebaki mamoja: kwamba shemeji yake, mwenye haraka za kipuuzi, angekumbuka sharti la baba yake na kulipumzisha gari pale kileleni.

Ghafla mkewe akamshika mkono akautikisa. Alikuwa analia.

"Nakuuliza mara ya ngapi hunijibu! Watoto wangu wana nini? Sema!"

"Sikusikii!" Fundi akapiga kelele, naye hakutegemea kwamba neno hilo ndilo lingetoka. "Sikusikii, mke wangu. Nikitazama barabara nakupoteza kabisa. Sisikii siku nyingi. Gari la mzee lilikuwa linalia jana na mimi sikusikia kitu. Nikataja breki. Nilidanganya. Ni ekseli, na tairi litatoka, na mtoto amekaa juu yake."

 Vibanio vya nguo vilikuwa vimemwangukia mkewe mapajani. Kisha akamgeuzia uso wake karibu, amwone midomo, akasema taratibu.

"Lile birika?"

"Ndiyo."

"Na siku ile ya mtoto?"

"Ndiyo."

"Mimi napika na kuongea na mgongo wako siku zote hizi, nikidhani umenichoka!" Akafuta machozi kwa hasira, akampiga begani, kofi la kweli. "Endesha! Tutagombana tukishawapata."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi fundi aliweza kuvuta pumzi mpaka chini. Lakini hofu haikupungua; sasa walikuwa wanaibeba wawili.

Mlima ulikuwa mrefu. Pikapu ililalamika, na mkewe alimwambia inalalamika, na yeye akabadili gia. Hatimaye ule uwanja wa kileleni ukatokea, tambarare ileile, yenye kibanda kilichobomoka na madoa ya mafuta ya miaka mingi. Palikuwa na lori moja na dereva wake amelala chini ya kivuli chake.

Gari la rangi ya maziwa halikuwepo.

 Fundi alisikia damu tu ikimpiga kichwani, na hiyo aliisikia vizuri. Akaanza kuteremka, ameubana usukani. Mkewe alitoa kichwa dirishani, anatazama bondeni, anatafuta rangi ya maziwa kati ya vichaka na mawe. "Usitazame kule," fundi akamwambia. Hakurudisha kichwa. Kona ya kwanza, hakuna. Kona ya pili, wakakuta mchirizi wa mafuta barabarani, mweusi, mbichi, na fundi akajikuta anaomba kwa sauti kama mtoto.

Baada ya kona ya tatu wakaliona. Lilikuwa limeegeshwa kwenye ukingo, upande wa mwamba, jiwe limewekwa mbele ya tairi. Kinyozi alikuwa ameketi juu ya kilometa ya barabara, ile nguzo fupi nyeupe, anajipepea kwa kofia. Binti alikuwa anatembea huku na huku akimtikisa mtoto begani.

Pikapu ilisimama hovyo. Fundi alishuka, akachukua hatua chache, akakaa palepale kwenye lami.

"Shemeji!" akasema kinyozi. "Umetukumbuka kiasi hicho? Pole, pale juu nilipita bila kusimama, nilitaka tuwahi, usimwambie dada. Kumbe dada huyu hapa. Basi huyu bwana mdogo akaanza kupiga yowe, yowe gani hilo, mama yake akasema mjomba simama au naruka. Tangu hapo hanyamazi."

Fundi alifuata midomo yake, akaelewa, akatazama lile tairi la kulia. Lilikuwa limesimama nje kidogo kuliko mwenzake. Upana wa kidole, labda. Mtu asiyejua asingeliona.

"Msiguse gari," akasema. "Hakuna mtu kugusa gari."

Waliweka mawe mbele na nyuma ya matairi mengine, wakapiga jeki. Fundi akampa mkewe nyundo, akamwonyesha jinsi ya kuegesha kichwa cha nyundo kwenye ekseli na mpini sikioni, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa ujanani. "Mimi nitazungusha. Wewe sikiliza, uniambie."

"Wewe ndiye Sikio," akasema kinyozi. "Sasa dada anajua nini cha—"

"Jana sikusikia chochote, shemeji. Nilikudanganya. Sisikii vitu vyembamba tena, mlio wako sikuusikia hata mara moja."

Kinyozi alicheka, akidhani ni utani wa shemeji. Akaona hakuna anayecheka naye.

Fundi akazungusha tairi. Mkewe alikuwa amechuchumaa kandambili zikiwa kwenye mafuta, macho amefumba, uso wake ukawa uso ambao watu walikuwa wanakwenda gereji kuutazama. "Nasikia kama mchanga kwenye sufuria," akasema akimtazama ili aone maneno. "Sasa kinagonga. Sasa mchanga tena." Fundi akaweka kiganja juu ya ekseli, bila zulia katikati, na akauhisi ule mchanga chini ya vidole vyake, kila punje.

Akalitoa tairi. Akaivua dramu. Akashika kichwa cha shafti kwa mikono miwili na kuvuta, hakuvuta hata kwa nguvu, na shafti nzima ikatoka nje kama kijiko kwenye uji. Pete ya chuma ikaanguka kwenye lami, vipande viwili, vimeiva rangi ya bluu kwa moto. Kimoja kilibingirika hadi kwenye ukingo wa barabara kikatumbukia bondeni. Walikisubiri kitue chini. Fundi asingeweza kukisikia. Alijua tu kwamba bado hakijatua, kwa jinsi wenzake walivyokuwa wanangoja.

Kinyozi akaketi tena juu ya ile nguzo nyeupe.

Binti alitazama shafti mikononi mwa baba yake. Akatazama kiti cha nyuma, upande wa kulia, blanketi la mtoto likiwa bado pale. Akasogea karibu akasema kitu.

"Sema tena, mama," fundi akamwambia. "Unitazame ukisema."

Alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya vitunguu. "Niliiona simu yako, baba. Nikaacha iite."

"Ulikuwa na haki."

"Nilidhani bado unatuchukia. Nilidhani ulimwacha alie makusudi."

"Sikumsikia." Fundi alitaka kusema vizuri lakini uso ulikuwa unamvurugika. "Nilikuwa hapo sebuleni na sikumsikia. Ukaniuliza, nikaogopa kukuambia. Ningewaua, mwanangu. Kwa kuogopa kuchekwa ningewaua nyote."

Mtoto alikuwa ameanza tena, mdomo wazi hadi koo linaonekana, ngumi zimekazwa. Binti hakutafuta kitambaa wala hakumwambia baba yake anawe mikono. Alimpa mtoto vilevile, na vidole vyeusi vya fundi vikajichora kwenye shati jeupe la mtoto, ubavuni na mgongoni. Kiganja kilipotulia, kile kilio kikaja. Kilikuja kupitia mbavu ndogo, kikapanda mkononi mpaka kwenye kiwiko, kikali, chenye hasira, hakina nia ya kukoma.

"Unamsikia?" binti akamwuliza.

Kichwa cha fundi kilishaanza kutikisika kukubali, kwa mazoea. Akakisimamisha.

"Hapana," akasema. "Lakini nimemshika."